Rozari ya Nyanya na Ngoma Iliyoko London

Tulipomzika mjomba, kijiji kiko mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Garsen, usiku wa pili wa matanga mhubiri mmoja kijana alisimama chini ya turubai na maikrofoni yake. Kabla ya kuomba alimwona nyanya yangu ameketi mkekani, rozari imezunguka vidole vyake.

"Mama, hiyo ni sanamu," akasema. "Iweke kando kwanza."

Nyanya hakubishana. Ni mmoja wa Wakatoliki wachache katika ukoo wetu wa Wamethodisti, na maneno kama hayo ameyazoea. Aliifunga rozari kwenye pindo la leso, pale anapofungaga pesa. Maombi yakaendelea. Mimi nikabaki na hasira isiyo na hoja, na hasira isiyo na hoja ni kelele tu. Kwa hivyo nimekaa kuitafutia hoja.

Nianze kwa kumtendea mhubiri haki. Amri ipo, Kutoka sura ya 20, na haina mzaha. Lakini tuangalie neno lenyewe. Kiswahili kinatumia "sanamu" kwa vitu viwili. Tom Mboya aliyesimama Moi Avenue, Nairobi, ni sanamu. Dedan Kimathi mwenye bunduki, hatua chache kutoka hapo, ni sanamu. Watu wanapeana miadi hapo, wanapiga selfi, na hakuna anayewaambia watubu. Halafu Biblia zetu zinalitumia neno hilohilo kwa kile kinachoabudiwa badala ya Mungu. Basi ukishasema "ana sanamu", umeshamhukumu mtu kabla hujamuuliza anaifanyia nini. Lugha imemaliza kesi bila shahidi.

Na kesi hii ni ya zamani. Wakristo wa Byzantium waliipigania karne ya 8 mpaka damu ikamwagika, na mwaka 787 mtaguso wa Nikea ukaamua kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake, lakini picha takatifu zinaweza kupewa heshima, maana heshima hiyo inamwendea anayeonyeshwa. Mwaka 1524 mji wa Zürich ukaona tofauti hiyo ni hila tu, ukatoa picha makanisani. Mimi sitamaliza ubishi huo. Ninachotaka kuuliza ni nani anapewa mamlaka ya kukiita kitu cha mwenzake sanamu, na baada ya hapo nini hutokea.

Sisi wa Tana tuna jibu la swali la pili. Wapokomo walikuwa na ngoma kubwa inayoitwa Ngadji. Ilikuwa takatifu, alama ya mamlaka na ya umoja wao, na si kila mtu aliruhusiwa kuiona. Maafisa wa kikoloni wa Kiingereza waliichukua, na tangu 1908 iko mikononi mwa British Museum, London. Haiko hata kwenye maonyesho, imewekwa stoo. Wakati huo wamisionari walikuwa wameshafika: Wamethodisti wako Golbanti, na Wajerumani wa Neukirchen wako Ngao tangu 1887. Sisemi wamisionari ndio walioibeba. Nasema ilibebwa wakati ambapo vitu vya Mwafrika vya ibada viliitwa ushenzi, na kitu kilichoitwa ushenzi hakina mwenyewe.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Hezekia. Katika Hesabu 21, Musa anatengeneza nyoka wa shaba kwa agizo la Mungu, na watu wanapona kwa kumtazama. Katika Wafalme wa Pili 18, mfalme Hezekia anamvunja nyoka yuleyule, kwa sababu watu wameanza kumfukizia uvumba. Kitu ni kimoja. Kilichobadilika ni mioyo iliyokizunguka. Lakini mara nyingi tunasahau kwamba Hezekia alivunja cha kwao, nyumbani kwao. Hakuvuka mto kwenda kuvunja cha jirani. Tena alivunja kweli. Hakukipakia melini, akakipa namba na kukifungia stoo. Ukikiona kitu ni mungu wa uongo, kukihifadhi kwa uangalifu miaka zaidi ya 100 ni imani ya ajabu sana.

Mtu atasema: kama Ngadji si mungu, mbona bado mnaililia? Swali zuri. Lakini mtu akiibiwa picha ya pekee ya marehemu mamake, atalia, na hatuambii kwamba anaabudu karatasi.

Pia kuna kitu kingine cha Wapokomo ambacho hakikuitwa sanamu. Wimbo wa taifa wa Kenya, ulioandaliwa kabla ya uhuru wa 1963, unatumia sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Maneno yake ni maombi, unamwita Mungu tangu mwanzo. Kwa hiyo kila asubuhi ya gwaride, mtoto wa Kisumu na wa Garissa anaomba kwa sauti ya mama wa Tana. Sauti ya Mpokomo ikawa sala ya nchi nzima, ngoma ya Mpokomo ikafungiwa stoo. Sioni theolojia inayoeleza tofauti hiyo.

Nirudi matangani. Baada ya kuomba, mhubiri alitoa kichupa cha mafuta ya upako akapaka mlango wa marehemu. Hakuna aliyemwambia ayaweke kando. Na sitaki aambiwe, maana mafuta yanaweza kuwa njia ya kumwomba Mungu kama shanga zinavyoweza. Mzee wa Kiorma aliyekuja kutupa pole alikuwa na tasbihi yake mkononi, na dini yake haina mchezo na sanamu. Alihesabu, akatuombea, akaenda.

Usiku ule nililala karibu na nyanya. Turubai likawa kimya, jenereta ikazimwa, nikamsikia ananong'ona. Nikadhani ameitoa rozari gizani. Nilipomulika simu, pindo la leso bado lilikuwa limefungwa. Alikuwa anahesabu kwa vidole: kumi, anameza mate, kumi tena.

"Nyanya, si uitoe? Mhubiri ameshalala."

"Mwache alale," akasema. "Nimeambiwa niweke, nimeweka. Mungu sijamfunga kwenye leso."

Asubuhi alifungua pindo ili anipe nauli ya kurudi Mombasa. Noti na shanga zikatoka pamoja. Akanipa noti, rozari akaizungusha tena kwenye vidole.