Kitako Kwanza, Manyoya Baadaye

Mwaka 2012 waandaaji wa mbio za farasi za Royal Ascot, Uingereza, walipiga marufuku fasineta, vile vipambo vyepesi vya manyoya na wavu vinavyobanwa nyweleni, katika Royal Enclosure, eneo lao la heshima. Asiyevaa kofia kamili aliruhusiwa pambo la kichwa, mradi kitako chake kiwe kigumu na kisipungue upana wa sentimita 10. Wapo wanaosema hicho ni kiburi cha matabaka tu, na hawakosi ushahidi: katika eneo jingine la uwanja huohuo fasineta ziliendelea kuruhusiwa, kana kwamba adabu hubadilika ukivuka uzio. Lakini nia ya mtunga kanuni ni jambo moja, na kipimo alichokichagua ni jingine. Hakupima bei wala urefu wa manyoya. Alipima kitako, na hapo ndipo pambo la kichwa hufaulu au huharibika.

Unyoya wa sentimita 30 uliosimama kichwani ni wenzo. Upepo ukiusukuma, mzigo wote hushukia kitakoni, na kwa msukumo uleule ukingo wa kitako cha sentimita 5 huvutwa kwa nguvu maradufu kuliko ule wa sentimita 10. Mvaaji huishia kushinda sherehe nzima mkono u kichwani. Mafundi hupenda kutengeneza kitako kwa sinamei, kitambaa cha nyuzi za abaka, mmea wa Ufilipino ulio wa jamii ya mgomba: hulainishwa kwa mvuke, huvutwa juu ya kalibu ya mbao, kisha huachwa kikauke kikiwa kimeshika mviringo wa kichwa. Upana wa kitako hutoa pia nafasi ya kushonea kitana upande mmoja na mpira wa kupita chini ya nywele kisogoni. Kitana peke yake hutegemea bahati ya nywele. Kwenye misuko hushika barabara. Kwenye nywele fupi hakina pa kung'ata. Na kwenye wigi, pambo huwa imara kadiri wigi lenyewe lilivyobanwa, jambo ambalo wanunuzi wa fasineta za harusi Nairobi na Dar es Salaam wangepaswa kulipima kabla ya kulinganisha rangi.

Mpinzani atamtaja Beatrice, binamu yake Prince William. Katika harusi ya William, tarehe 29 Aprili 2011, alivaa pambo la mbunifu wa kofia Philip Treacy ambalo halikuanguka, na bado dunia ilicheka. Ni kweli, uthabiti si uzuri. Ila kilichochekwa kilikuwa umbo: kitanzi kikubwa kilichosimama wima juu ya paji la uso, kikaurefusha uso badala ya kuufuata. Walioupenda ubunifu huo nao walikuwepo, kwani mwezi uliofuata pambo hilo liliuzwa mnadani, kwa ajili ya misaada ya watoto, kwa zaidi ya pauni 81,000. Pambo lililotulia hubishaniwa kwa sanaa yake. Linaloyumba halifiki hata kwenye ubishi huo. Wala si lazima kila kitako kifike sentimita 10. Ukumbini pasipo upepo, kitako kidogo chenye ua fupi, kikiwekwa upande juu ya nyusi, kinatosha kabisa. Tatizo huanza kitako hichohicho kinapobebeshwa manyoya marefu.