Fundi Anayeuliza Kwanza

Bodaboda imezima katikati ya mlima ikiwa na gunia la mahindi nyuma. Dereva amepiga kiki mpaka shati limelowa jasho, na sasa anaisukuma kuelekea kwa fundi. Itiryo, kata ya wilaya ya Tarime mkoani Mara, iko kwenye nyanda za juu ambako vijana wa pikipiki ndio wanaobeba mazao, wanafunzi na wagonjwa. Pikipiki ikilala, kuna mtu mahali fulani anasubiri.

Fundi mwenye kazi yake hakimbilii spana. Anauliza. "Ilizima ghafla, mura, au ilianza kumisi kwanza?"

Swali hilo moja limeshapunguza kazi nusu. Injini inayokata papo hapo, mara nyingi imepoteza moto: plagi, koili, CDI, au waya uliochubuka chini ya tangi. Inayopungua nguvu, ikakohoa, ndipo ikafa, mara nyingi imenyimwa mafuta. Tangu Nikolaus Otto alipofanikisha injini ya mipigo minne mwaka 1876, mahitaji yake ni yale yale: hewa na petroli kwa kipimo, mgandamizo wa kutosha, na cheche kwa wakati wake.

Plagi ndiyo shahidi wa kwanza. Ikitoka na rangi ya kahawia iliyofifia, moto unawaka vizuri. Nyeupe kavu inaonyesha petroli haitoshi, au hewa inaingia pasipostahili. Ikiloa oili, ringi au sili za valvu zimechoka. Masizi meusi ni petroli iliyozidi, na huku milimani jambo hilo lina sababu ya ziada: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali nyanda za Tarime zinapita mita 1,500. Hewa inapungua uzito, lakini kabureta iliyosetiwa chini ziwani haijui kwamba imepanda mlima.

Kuna ugonjwa mmoja unaotenganisha fundi na mbadilisha vipuri. Pikipiki inawaka vizuri, inakwenda kilometa chache, inazima. Ikipumzishwa, inawaka tena kana kwamba haikuwa na shida. Asiyefikiri atauza kabureta mpya. Anayefikiri atasubiri izime, kisha afungue mfuniko wa tangi taratibu na kutega sikio. Ukisikika mlio mfupi wa hewa ikivutwa ndani, jibu limepatikana: kitundu cha hewa cha mfuniko kimezibwa na tope. Petroli inashuka kwa uzito wake, na kila inaposhuka lazima hewa ishike nafasi yake. Hewa ikizuiwa, petroli inasita njiani na bakuli la kabureta linakauka. Dawa yake ni kuosha mfuniko na kuupuliza. Dereva anaondoka na hela yake mfukoni, na huo ndio ufundi unaostahili kusifiwa kwa sauti.

Kabureta ikilazimika kufunguliwa, subira ndiyo inayohitajika. Jeti ya sailensi ina tundu jembamba kuliko sindano ya kushonea, nayo imetengenezwa kwa shaba laini. Kuichokonoa na waya mgumu ni kuipanua daima, na pikipiki itakunywa mafuta mpaka jeti ibadilishwe. Mafundi waangalifu huiloweka kwenye petroli safi, huipuliza, kisha huiinua kwenye mwanga wa jua waone kama duara limekamilika.

Halafu kuna petroli yenyewe, ile ya chupa za barabarani. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hujikusanya chini ya bakuli; skrubu ya kumwagia ikilegezwa juu ya chupa angavu, matone yake yanajionyesha. Mafuta ya taa yana ujanja zaidi, kwa sababu huchanganyika. Uchakachuaji uliwahi kuitesa nchi hata EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo huwaka kwa shida asubuhi na hugonga ikipanda mlima. Fundi anamwaga tangi lote kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa zinaingia pikipiki zisizo na kabureta, zenye pampu ndani ya tangi na kompyuta ndogo ya kupima mafuta. Kuuliza bado kunatangulia. Swichi ikifunguliwa, pampu hulia kwa sekunde chache. Ikinyamaza, ukaguzi huanzia kwenye betri, fyuzi na soketi za waya kabla pampu haijalaumiwa.