Ushuhuda katika Kitabu cha Maungamo

Watu wengi wasikiapo neno "ushuhuda" hufikiri mara moja habari za mtu asimamaye mbele ya mkutano, akaeleza alivyokuwa zamani na jinsi alivyobadilika. Desturi hii imekuwa na nguvu sana katika Afrika ya Mashariki tangu uamsho ulioenea kutoka Gahini, katika nchi ya Rwanda, katika miaka ya 1930. Ni desturi njema. Lakini hata kitu chema chahitaji kupimwa. Ili tukipime, na tutazame kitabu kimoja cha kale ambacho ni ushuhuda mrefu, nacho kiliandikwa na Mwafrika, yaani Maungamo ya Mtakatifu Augustino.

Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, ulio leo katika nchi ya Algeria. Kazi yake ilikuwa kufundisha ufasaha wa kusema, nayo ilimpeleka Kartago, Roma na Milano. Akabatizwa Milano mwaka 387. Yapata miaka kumi baadaye, akiwa askofu, akaanza kuandika Maungamo, yaliyogawanywa katika vitabu 13.

Msomaji akifungua kitabu cha 8, kinachoeleza kuongoka kwake, hutazamia kumwona mhubiri mkuu aliyemshinda kwa hoja. Kweli, Ambrosi, askofu wa Milano, alikuwa mhubiri wa namna hiyo, na maneno yake yalimwondolea Augustino vikwazo vingi. Lakini siku ile yenyewe hakuja askofu. Alikuja mgeni, jina lake Ponticianus, Mwafrika mwenzake mwenye cheo katika jumba la mfalme, naye alikuja kwa shauri lake jingine. Akaona kitabu juu ya meza, akakifunua, akakuta ni nyaraka za Paulo, akafurahi. Mazungumzo yakaanzia hapo. Akawasimulia Augustino na rafiki yake Alypius habari za Antonio, mtawa wa Misri. Kisha habari za wenzake wawili waliokuta maisha ya Antonio yameandikwa, walipokuwa katika mji wa Trier, wakaazimu siku ile ile kuacha vyeo vyao na kumtumikia Mungu.

Sasa na tuangalie mahali alipojiweka msimulizi. Ponticianus naye alikuwako Trier siku ile, lakini yeye hakuacha cheo. Alirudi jumbani akijililia nafsi yake. Jambo hili hakulificha, wala hakujifanya shujaa wa habari. Nadhani hapo ndipo ilipo nguvu ya maneno yake. Mtu asemaye, "Mimi nimefika, nanyi njoni nilipo," huwafanya wasikiao wampime yeye kwanza. Ponticianus aliwaonyesha wengine waliomtangulia, akasimama upande mmoja na wasikilizaji wake. Augustino hakuona mtu wa kushindana naye, basi akalazimika kujitazama mwenyewe. Mgeni alipokwisha kwenda zake, Augustino aliingia bustanini pamoja na Alypius, na huko vita vya moyo wake vikakoma.

Kadhalika katika kitabu cha 9 twasoma habari za mama yake, Monika. Mumewe Patricius alikuwa mtu mwepesi wa hasira, wala Monika hakumshinda kwa maneno mengi. Mwenendo wake ulisema, hata Patricius akaamini mwishoni mwa maisha yake. Tena watu wawili waliogombana walipomletea maneno makali, kila mmoja juu ya mwenzake, hakumpelekea mmoja ila lile liwezalo kuwapatanisha. Kila aliyepata kuishi kijijini ajua ugumu wa jambo hilo, na wahenga walisema kweli kwamba chema chajiuza.

Lakini asiwepo mtu wa kusema kwamba mwenendo watosha, basi kinywa na kifungwe. Kitabu cha 8 chatuletea pia habari za Victorinus, mwalimu mashuhuri wa Roma, aliyetaka kwanza kuamini kwa siri kwa kuwaogopa rafiki zake. Hata alipokuwa tayari kubatizwa, mapadre walimpa ruhusa ya kuikiri imani faraghani. Naye akakataa, akaikiri mbele ya watu wote. Basi zipo nyakati za kusimama hadharani, hasa pale ambapo kunyamaza kungekuwa woga.

Pamoja na sifa hizi kitabu kina upungufu, wala si vema kuufunika kwa ajili ya heshima ya mwandishi. Katika kitabu cha 2 Augustino aeleza kwa urefu jinsi alivyoiba matunda ujanani, akahoji sababu za wizi ule kwa kila upande. Lakini mwanamke aliyekaa naye miaka mingi, akamzalia mwanawe Adeodatus, hatajwi hata jina. Aliondolewa ili Augustino apate kuoa mke mwingine; akarudi Afrika, akaweka nadhiri ya kutomjua mume mwingine, akamwacha mtoto kwa baba yake. Augustino akiri kwamba moyo wake mwenyewe ulijeruhiwa. Jeraha la mwanamke yule hakulichunguza. Huenda aliliacha jina ili kumsitiri. Hata hivyo matunda yalipata kurasa nyingi kuliko yeye.

Upungufu huu twauona hata katika mikutano yetu. Mtu aweza kuzitaja dhambi zake za kale kwa ufasaha, watu wakashangilia, na yule aliyemkosea akawa ameketi nyumbani, hajaombwa radhi. Katika uamsho ule wa Afrika ya Mashariki wengi walikwenda kurudisha vitu walivyoiba, na kuomba msamaha kwa watu waliowakosea. Hapo walimpita Augustino. Basi tusome Maungamo kwa shukrani, tujifunze kwa Ponticianus namna ya kuzungumza na mwenyeji wetu. Kisha, kabla ya kusimama mbele ya mkutano, twende kwanza kubisha hodi kwa yule ambaye jina lake tungependa lisitajwe.