Nchi Iliyogeuka Kina: Lear, Muyaka na Kicheko cha Mahali

Wahakiki wetu wameyazoea mashairi ya kichekesho kama mtu mzima azoeavyo kelele za watoto uani: huzisikia, hutabasamu, wala haondoki kitini kwenda kutazama. Tendi na mashairi ya waadhi ndiyo yanayopewa heshima ya kuandikiwa makala. Nami nakiri kwamba nisingaliligusa jambo hili lau si wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, ambao niliwataka watunge beti za kuchekesha, wakaniletea limeriki: mzee wa Peru, bibi wa Norwe, kijana wa Kongo. Nyingi hazikuchekesha. Zile za Kongo na Uganda zilichukiza. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini.

Limeriki ni ubeti wa mistari mitano ulioenezwa na mchoraji wa Kiingereza, Edward Lear, katika kitabu chake A Book of Nonsense cha mwaka 1846. (Jina lenyewe, linalohusishwa na Limerick ya Ireland, si yeye aliyelitoa.) Mistari wa kwanza, wa pili na wa tano ina mapigo matatu na kina kimoja, wa tatu na wa nne ni mifupi, na ina kina chake. Aghalabu mstari wa kwanza humtaja mtu na mahali pake, na jina la mahali ndilo linalotoa kina. Hapo ndipo ilipo siri yote. Mzee mmoja wa Peru anamtazama mkewe akipika, na mwishowe anaokwa yeye mwenyewe kwa bahati mbaya. Mapishi yametoka wapi? Yametoka katika jina la mchuzi mzito wa nyama ambalo, kwa Kiingereza, hulingana sauti na Peru. Mzee wa Madras naye amepanda punda kwa sababu iyo hiyo. Lear hakupata kufika Peru. India aliifikia mwaka 1873, ubeti wa Madras ukiwa umekwisha kuchapwa zamani. Nchi kwake ni sauti, na sauti ndiyo inayoamuru kisa.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeiga fani hii hukumbana na jambo ambalo Lear hakulijua. Katika Kiingereza vina ni haba, na uhaba huo ndio unaochekesha: msikilizaji hungoja aone mtunzi atajinasua vipi. Kwetu sisi takriban kila neno huishia kwa irabu, na kina ni silabi moja tu ya mwisho. Peru ikitoa "ru", papo hapo zinajileta uhuru, ushuru, kunguru, nduru na nuru. Mtunzi hana taabu, na msikilizaji hana shauku. Madras ikiingia kwetu huwa Madrasi, na farasi, wasiwasi na upesi ziko mlangoni. Punda hana tena sababu ya kutokea. Kwa kuwa kina hakileti kisa, mtunzi hulazimika kukitafuta kwingine, naye hukitafuta palipo rahisi: namna Mganda anavyotamka Kiswahili, au Mkongo na suti yake. Hapo nchi imeacha kuwa sauti. Imekuwa watu, nao wanasimangwa. Kosa la wanafunzi wangu, basi, kwanza ni kosa la fani, na la tabia limefuata nyuma yake.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo nadhani sikio letu hulipokea vizuri zaidi kuliko la Waingereza wenyewe. Mstari wa mwisho wa Lear mara nyingi haufanyi ila kumrudisha mtu yule kule kule alikotajwa, akiwa ameongezewa sifa moja. Waliomfuata waliuona mstari huo kuwa dhaifu, wakaugeuza kuwa mahali pa kuchomea mwiba. Aliyelelewa na kibwagizo hataona udhaifu hapo. Mzee amekwenda, ameokwa, amerudi Peru, ubeti umetua.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, mwanafunzi mwenzangu alitunga papo kwa papo limeriki ya mtu wa Zanzibar mwenye kuvuta sigara kubwa, ile ambayo jina lake la Kiingereza hulingana na Zanzibar. Tulicheka wote. Hakukusudia ubaya, wala Zanzibar haikudhurika. Lakini nilirudi chumbani nikijiuliza ningemjibu nini, nikaona kwamba ubeti ule haukuwa na mahali pa jibu.

Ushairi wetu wa mahali una pahali hapo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, miaka sita kabla ya kitabu cha Lear. Katika beti zake za wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu, Lamu si sauti hata kidogo. Ni watu wenye ndimi kali kama yake, na upande wao alikuwako Zahidi Mngumi wa kumrudishia. Anayezisoma katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu, yaliyohaririwa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff mwaka 1995, anasikia pande mbili. Kejeli ya namna hii ni kali kuliko ya Lear, tena ilisindikiza vita vya kweli, lakini aliyetajwa ana zamu yake. Utani wa bara nao una kanuni hiyo hiyo: akutaniaye leo ndiye atakayefanya kazi msibani kwako.

Hata katika nathari twaikuta tofauti hii. Salim bin Abakari, ambaye habari za safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896 zilichapwa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli (1901), anaistaajabia nchi ya watu huku akijua fika kwamba yeye ndiye anayestaajabiwa. Nchi ngeni inamtazama.

Niliwarudishia wanafunzi kazi zao, nikamtaka kila mmoja amtafute mtu atokaye mahali alipopataja, amsomee, kisha alete jibu lake pamoja na limeriki. Waliotunga juu ya Peru walilalamika kwamba wameonewa. Sita walirudi na majibu. Lililonipendeza ni la msichana wa Kampala: mistari minane badala ya mitano, mizani zimeyumba mahali pawili, na aliyemchokoza ameulizwa, kwa adabu zote, ni Kiswahili cha nani anachokisema yeye anapokuwa nyumbani kwao.