Queen of Katwe: Mlango Wazi kwa Nani?
Wengi tuliitazama Queen of Katwe (2016) ya Mira Nair tukingoja Phiona Mutesi ashinde. Kwangu mimi, filamu inauma zaidi kabla hata kete haijasogezwa, pale kocha Robert Katende anapohangaika kutafuta ada ya kuwaingiza watoto wa Katwe kwenye mashindano ya King's College Budo. Akili wanazo, hela hawana. Huku Temeke, drafti ya vizibo vya soda haina kiingilio. Unasubiri zamu yako tu. Mashindano ya sataranji yanaweza kuitwa ya wazi, lakini kuna ada, kuna nauli. Kasoro ya filamu ni hiyo: inamfuata Phiona hadi Urusi, ila wale ambao ada yao haikupatikana, hatuambiwi waliishia wapi.