Nyundo ya 1984 na sanduku lisilofunguka

Kama hujawahi kuliona tangazo la Macintosh la 1984, litafute leo, ni dakika moja tu. Wanaume wenye vipara wameketi safu kwa safu, kila kitu kijivu, wanamsikiliza jamaa anayehutubia kwenye skrini kubwa kama ukuta. Mara binti mwenye kaptula nyekundu anaingia mbio, askari nyuma yake. Anazungusha nyundo, anairusha, skrini inalipuka. Kisha maandishi yanakuahidi kwamba mwaka huo hautafanana na ule wa riwaya ya George Orwell.

Kama filamu, sina ugomvi nalo. Ridley Scott alijua kazi yake, na lilipooneshwa Januari 22, 1984, katikati ya Super Bowl, Marekani nzima ililizungumzia. Ila angalia tena: kompyuta yenyewe iko wapi? Haipo! Kuna mchoro wake tu kwenye fulana ya binti. Umeuziwa uhuru kabla hujaoneshwa mashine.

Ulikuwa wakati wa Vita Baridi na Reagan yuko Ikulu, kwa hiyo Mmarekani wa kawaida akiona dikteta kwenye skrini angefikiria Moscow. Watu wa kompyuta walifikiria IBM. Hofu hiyo haikutoka hewani. Huko Berkeley mwaka 1964, wanafunzi waliandamana wakiwa wamejivika kadi zenye matundu, zile za kulishia kompyuta, kulalamika kwamba chuo kinawahesabu kama data. Na kompyuta binafsi zilikua mikononi mwa watu wa kizazi hicho. Klabu ya Homebrew ilianza 1975 kwenye gereji moja huko California, watu wakioneshana michoro ya saketi bila kufichana. Steve Wozniak alitoka humo. Apple II yake ya 1977 ulikuwa unainua kifuniko kwa mikono tu, unakuta nafasi 8 za kuchomeka kadi zako. Mchoro wa saketi ulikuwa kwenye kitabu cha maelekezo.

Sasa jaribu kufungua Macintosh. Skrubu zake zilitaka bisibisi maalumu yenye shingo ndefu, nyingine zimezama ndani kabisa chini ya mpini. Nafasi za kadi: sifuri. Kumbukumbu ilikuwa KB 128, chipu zimelehemewa kwenye bodi, basi. Na mwanzoni, ukitaka kuiandikia programu kwa uzito, ulihitaji kwanza kompyuta nyingine ya Apple, Lisa, iliyotoka 1983 kwa dola 9,995.

Na IBM, yule dikteta? PC yake ya 1981 ilitengenezwa kwa vipuri vya kununua sokoni, na kampuni ikachapisha michoro yake kwa yeyote mwenye hela ya kununua kitabu. Si kwa ukarimu, tusidanganyane: walikuwa na haraka ya kuingia sokoni. Lakini matokeo ni yale yale. Compaq wakaandika upya programu ya msingi ya kuwashia mashine, na kufikia 1983 walikuwa wanauza nakala yao, wengine wakafuata.

Hapa mtetezi wa Macintosh ataniuliza: uhuru ni wa nani? Swali zuri, tena hili ndilo linalonisumbua. Mtu asiyetaka kukariri amri za DOS alipewa kipanya, madirisha na picha za kubofya kwa dola 2,495. Mawazo mengi yalitoka maabara ya Xerox PARC, sawa, lakini Xerox hawakuyafikisha kwa mwalimu wala mwandishi. Huo ni uhuru wa kweli. Ni uhuru wa kutumia, na tangazo linauchanganya na uhuru wa kumiliki, yaani wa kufungua, kubadilisha na kutengeneza mwenyewe. Shika simu yako ujaribu kutoa betri, utanielewa.

Ndani ya Apple kwenyewe walikuwepo waliojua tofauti hiyo. Burrell Smith, aliyebuni bodi ya Macintosh, aliona KB 128 hazitatosha. Steve Jobs hakutaka mtumiaji aongeze chochote. Smith akapitisha nyaya chache za ziada kwenye bodi, ili mtu anayejua kulehemu aweze kung'oa zile chipu na kuweka kubwa zaidi, hadi KB 512. Kwenye tangazo hilo halikutajwa.