Daftari la Desemba

Katikati ya Desemba kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, hufurika, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutoa vibali vya muda ili mabasi ya njia nyingine yasaidie kubeba abiria wa kaskazini. Wachagga tunarudi Kilimanjaro. Watani wetu husema tunakwenda kuhesabiwa. Hawajakosea sana, ila nyumbani kwetu kuhesabiwa kulianza mapema zaidi: mwezi wa pili, usiku, mezani kwa mama, kwenye daftari la mistari na penseli iliyochongwa kwa wembe.

Kupanga safari ya familia nakuita ufundi, tena ufundi hasa, sawa na wa mshonaji anayepima kitambaa mara tatu kabla hajashika mkasi. Mama hakuwa na maneno mengi juu yake. Alikuwa na mpangilio.

Watu wengi huanza na nauli. Yeye alianza na Januari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa ada, sare, viatu vya shule, na kodi ya nyumba, ambayo mwenye nyumba aliitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Akishajumlisha na kupiga mstari, ndipo alipogeuza ukurasa na kuandika juu kabisa: Kwenda. Utotoni niliona kama anaitia sikukuu huzuni kabla haijafika. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisafiri bila ukurasa ule wa kwanza, nikakaa kijijini siku kumi nikigawa kwa mkono wangu, nikarudi mjini tarehe 3 nikiwa sina hata ya kodi. Nilikumbuka daftari siku hiyo, na tangu hapo sijaandika neno Kwenda kabla ya kuandika Januari.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa majina. Hapo ndipo alipokaa muda mrefu. Bibi: blanketi, sukari kilo 2. Shangazi wa Rombo: khanga doti moja. Jirani aliyekuwa akituangalizia kihamba, shamba letu la nyumbani: sabuni mche mmoja, na chumvi. Alikuwa akisimamisha penseli, anatazama dari, anauliza, "Hivi yule mtoto wa baba yenu mdogo ameshaanza kutembea?" Jibu liliamua kama ataandikwa kandambili au bado ni wa kubebwa. Nimesoma hesabu shuleni miaka mingi, lakini sijaona tena mahali ambapo tarakimu zilihitaji kwanza umkumbuke mtu uso wake.

Khanga hazikununuliwa Desemba. Aprili moja, Julai nyingine, zikalazwa kwenye tranka chini ya kitanda pamoja na karafuu. Mbuzi naye alikuwa na safari yake. Wengi hufika na fedha mkononi wakamtafuta mnadani mkesha wa Krismasi, siku ambayo muuzaji anajua huwezi kuondoka mikono mitupu. Mama alituma fedha mwezi wa sita, baba mdogo akanunua kitoto cha mbuzi, kikala majani ya migomba miezi sita. Na kwa kuwa kwetu mbuzi akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe, kwa cheo na kwa umri, daftari lilihesabu pia wazee waliokuwa hai mwaka ule, ili pasiwe na mzee wa kurudi kwake bila fungu.

Fedha zenyewe zilikaa mahali pawili. Za matukio makubwa ziliwekwa kwenye kikoba, hisa kila wiki mpaka siku ya kugawana. Nauli ilikaa kwenye kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari. Mama alikipenda kibubu kwa sababu huwezi kukichokoa kimyakimya. Ukitaka kilichomo lazima ukivunje, na nyumba nzima isikie.

Mwaka mmoja baba aliachishwa kazi mwezi wa tisa. Nakumbuka mama alivyolifungua daftari usiku ule, na kifutio pembeni. Alifuta mbuzi, akaandika kuku wawili. Alifuta nauli za watoto watatu. Tukabaki mjini kwa mama mdogo. Blanketi la bibi likawa nusu kilo ya majani ya chai. Kilo 2 za sukari zikawa 1, kisha nusu. Lakini upande wa kushoto, penye majina, kifutio hakikugusa. Baba alisafiri na kifurushi cha mwaka ule, akafika kwa kila aliyeandikwa, na kila mmoja alipokea chake kwa mikono miwili. Ndiyo sababu ya penseli, nafikiri, ingawa sikuwahi kumwuliza.

Kulikuwa na mstari mwingine mdogo ambao majirani zetu wa mjini hawakuufikiria: mzigo wa kurudi. Mkungu wa ndizi, magimbi, maharage, maparachichi ya kuiva njiani. Mama aliyaandika kwenye ukurasa wa Januari, akayatoa kwenye fedha za chakula, na akatenga mapema malipo ya mzigo kwenye buti la basi. Mlima ndio uliotulisha wiki mbili za mwanzo wa mwaka.

Mimi nami nina daftari. Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20, niliongeza safu ya kulinganisha: basi linafika mapema, treni ina nafasi ya watoto kunyoosha miguu. Fedha zangu nyingi ziko kwenye simu, lakini majina nayaandika kwa mkono.

Mama sasa anaishi Kibosho, na jina lake liko mstari wa kwanza wa ukurasa wa pili: blanketi, sukari kilo 2. Kila mwezi wa tatu ananipigia simu. Baada ya salamu za watoto na habari za mvua, ananiuliza nimefika ukurasa wa ngapi.